Ahadi Yenye Tarehe: Serikali ya Shirikisho ya Marekani Inavyosaidia Barabara Kuu za Majimbo

Ndugu wahandisi, wakadiriaji majenzi, wakandarasi, na ninyi maofisa manunuzi ambao bila mafaili yenu hakuna gari la lami linalotoka kiwandani, habari za asubuhi.

Mada yetu ni Marekani, na hasa idara moja ya serikali ya shirikisho iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Inajulikana kwa herufi FHWA na kazi yake ni barabara kuu. Watu wengi huamini kwamba idara hii ndiyo inayojenga na kumiliki zile barabara pana za Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo. Sivyo. Barabara hizo ni mali ya majimbo. Jimbo ndilo linalosanifu, ndilo linalotangaza zabuni, ndilo linalomlipa mkandarasi, na theluji ikianguka ndilo linalotoa magari ya kuiondoa. Ukiacha barabara za hifadhi za taifa na ardhi nyingine za shirikisho, ambazo zina ofisi maalumu, FHWA haina mkandarasi wake katika barabara za jimbo.

Ilicho nacho ni ahadi. Inaliambia jimbo hivi: fanya kazi hii, kwa masharti haya, kuanzia tarehe hii, nami nitakurudishia sehemu yangu ya gharama. Naomba mlishike neno tarehe, kwa sababu mradi unaweza kupoteza fedha za shirikisho bila kuwa na zege bovu. Huzipoteza kwa kazi iliyoanza kabla ya siku yake.

Msingi wa ahadi hii uliwekwa Julai 1916, Rais Woodrow Wilson alipotia saini sheria ya kwanza ya msaada wa shirikisho kwa barabara. Sheria hiyo ilidai kila jimbo linalotaka fedha liwe na idara yake ya barabara kuu yenye uwezo wa kusimamia kazi. Kwa maoni yetu sharti hilo lilifaa kuliko fedha zenyewe, maana liliyalazimisha majimbo kuajiri wahandisi. Mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, ikaja sheria ya mtandao wa Interstate, maili 41,000, huku shirikisho likibeba asilimia 90 ya gharama. Mwaka huo huo ukaanzishwa Mfuko wa Dhamana wa Barabara Kuu.

Mfuko huo unalishwa na kodi ya mafuta. Sisi tuliokulia kwenye tozo ya mafuta ya Mfuko wa Barabara, Tanzania au Kenya, hatuhitaji kuelezwa wazo hilo. Petroli hutozwa senti 18.4 za dola kwa galoni moja, ambayo ni kama lita 3.8, na dizeli senti 24.4. Kiwango hiki hakijapanda tangu 1993. Kimefungwa kwenye senti, hakifuati bei ya mafuta wala mfumuko wa bei, na magari ya leo yanakwenda mbali zaidi kwa galoni ile ile. Matokeo yalionekana Septemba 2008, Bunge lilipolazimika kuhamisha dola bilioni 8 kutoka hazina kuu ili mfuko usikauke. Mwaka 2014 Wizara ya Uchukuzi iliyaandikia majimbo kuyaonya kwamba malipo, yaliyozoeleka kutoka kila siku, yangeanza kucheleweshwa. Yeyote anayepanga tozo ya barabara aitazame hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu ugonjwa huo huja taratibu na huonekana umekwisha kuwa mkubwa.

Sasa tuingie kwenye safari ya dola yenyewe.

Mwaka wa fedha wa shirikisho huanza tarehe 1 Oktoba. Siku hiyo kila jimbo hupata mgawo wake kwa kanuni zilizoandikwa katika sheria, umegawanywa kwa mafungu: barabara za mtandao wa kitaifa, usalama barabarani, madaraja, hewa safi, na kadhalika. Mgawo si fedha taslimu. Ni haki ya kuingia ahadi hadi kiasi fulani, na kwa kawaida haki hiyo hudumu mwaka huo na mitatu inayofuata, kisha hufutika. Juu yake Bunge huweka ukomo wa kila mwaka, kwa hiyo jimbo laweza kuwa na mgawo mkubwa kuliko linavyoruhusiwa kuutumia mwaka huo. Mwezi Agosti FHWA hukusanya ruhusa ambazo majimbo na programu nyingine hazitaweza kuzitumia, ikazigawa kwa majimbo yenye miradi iliyo tayari. Mwaka 2024 kiasi kilichogawanywa upya kilikuwa dola bilioni 8.7. Wanaonufaika na Agosti ni wale walio na michoro iliyokamilika kabatini, ardhi imeshalipiwa na kibali cha mazingira kipo. Jimbo linaloanza kusanifu Agosti limeshachelewa, kwa kuwa ahadi lazima isainiwe kabla ya Septemba kwisha.

Chukueni mfano wa daraja la dola milioni 10 kwenye barabara ya kawaida ya mtandao wa kitaifa. Sehemu ya shirikisho ni asilimia 80, yaani milioni 8. Lingekuwa kwenye Interstate, sehemu hiyo kwa kawaida ingekuwa asilimia 90. Mkataba wa mradi ukisainiwa kati ya jimbo na FHWA, serikali ya shirikisho imefungwa kisheria kuilipa ile milioni 8, lakini hakuna hata senti inayohama siku hiyo. Mkandarasi anajenga. Mwisho wa mwezi analeta hati ya malipo, tuseme ya dola 600,000. Mhandisi wa jimbo anapima kiasi cha kazi, jimbo linatoa fedha zake lenyewe, kisha linadai FHWA dola 480,000 kwa njia ya kielektroniki. Jimbo lisilo na fedha za kutangulia haliwezi kucheza mchezo huu, na hilo ni jambo la kulipima kabla ya mtu kutamani mfumo wenyewe.

Si kila kitu kwenye hati ile kinarudishwa. Kufyeka nyasi, kuziba mashimo na kuondoa theluji ni matengenezo ya kawaida, na ni mzigo wa jimbo peke yake. Kazi ya kurekebisha kosa la mkandarasi hairudishwi. Gharama yoyote iliyoingiwa kabla ya tarehe ya idhini hairudishwi, na iliyoingiwa baada ya tarehe ya mwisho ya mradi hairudishwi vilevile. Hii tarehe ya mwisho ndiyo husahaulika sana. Muda wa mkandarasi unaongezwa kwa sababu ya mvua au mabomba ya maji yaliyochelewa kuhamishwa, watu wa ujenzi wanajua, lakini hakuna anayewaambia watu wa fedha waongeze pia tarehe iliyo kwenye mkataba wa mradi. Hati za miezi ya mwisho zinafika, mfumo unazikataa.

Jimbo lenye fedha zake sasa hivi lakini mgawo wake umekwisha lina njia moja nzuri. Laweza kuomba idhini ya kuanza bila FHWA kufunga, yaani kuahidi kisheria, fedha yoyote, likajenga kwa fedha zake, na mgawo ujao ukifika likaigeuza kazi hiyo kuwa ya msaada. Sharti ni kwamba idhini itangulie kazi.

Kabla ya idhini ya ujenzi kuna milango ya kupita, na kila mlango unafungua mwingine.

Wa kwanza ni mpango. Mradi lazima uwe kwenye orodha ya jimbo ya miaka isiyopungua 4, inayoidhinishwa na FHWA pamoja na idara mwenzake ya usafiri wa umma. Kila mradi kwenye orodha uonyeshe fedha zitatoka wapi. Miji yenye zaidi ya watu 50,000 ina chombo chake cha mipango, na mradi ulio ndani ya eneo hilo lazima upite huko kwanza.

Wa pili ni mazingira, chini ya sheria iliyosainiwa tarehe 1 Januari 1970. Miradi mingi sana, kama kuweka lami mpya au kubadilisha daraja palepale lilipo, hupita kwa njia fupi kwa sababu athari zake zinafahamika kuwa ndogo. Mikubwa huhitaji tathmini kamili yenye njia mbadala na maoni ya wananchi. Pana kifungu kimoja kikali kuliko vingine. Tangu 1966 sheria inakataza kupitisha barabara ya shirikisho kwenye bustani ya umma au eneo la kihistoria iwapo ipo njia nyingine ya busara na inayowezekana. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikirudisha kuchunguzwa upya kibali cha Interstate 40 kilichotaka kukata bustani ya Overton mjini Memphis. Barabara hiyo haikupita bustanini hadi leo.

Wa tatu ni ardhi. Usanifu wa mwisho na ununuzi wa ardhi kwa kawaida husubiri mazingira yamalizike. Mthamini hufika, mwenye mali hupewa nafasi ya kuongozana naye, na bei inayotolewa kwa maandishi haiwi chini ya thamani iliyothibitishwa. Fidia hulipwa kabla mtu hajatakiwa kuiachia mali yake, na anayeishi pale hupewa notisi ya siku 90 angalau, mpangaji pia. Waliowahi kuona alama ya X nyekundu ukutani mwa nyumba watauelewa uzito wa siku hizo 90. Jimbo likimwondoa mtu kinyume cha utaratibu huu, linaweza kunyimwa fedha za shirikisho katika mradi huo, hata kama daraja lenyewe litajengwa vizuri.

Ndipo linafika kabrasha: michoro, vipimo vya kazi, na makadirio ya gharama. FHWA, au jimbo kwa niaba yake, ikiridhika, idhini ya ujenzi hutolewa, na hapo ndipo zabuni hutangazwa, kwa wiki 3 zisizopungua. Anashinda mzabuni mwenye bei ya chini aliye na uwezo na aliyetimiza masharti. Kwa wahandisi washauri ni kinyume: hao huchaguliwa kwa ujuzi, bei hujadiliwa baadaye. Mkandarasi mkuu hawezi kuugawa mkataba wote kwa wakandarasi wadogo akabaki na faida tu. Lazima afanye kwa watu na mitambo yake asilimia 30 angalau.

Masharti ya shirikisho yako kwenye fomu moja, FHWA-1273, na lazima iwekwe ndani ya mkataba wenyewe, karatasi kwa karatasi. Kuitaja kwa jina hakutoshi. Vilevile iwekwe ndani ya kila mkataba mdogo. Mkaguzi anapofungua mkataba wa fundi wa nondo asiikute, kosa limeshaandikwa, ijapokuwa nondo zimefungwa kwa ustadi.

Tubaki kwenye nondo kidogo, maana chuma ndicho kinachoumiza wengi. Chuma cha kudumu kwenye mradi wa shirikisho lazima kitengenezwe Marekani, kuanzia kuyeyushwa, kuviringishwa, kukatwa, kupindwa, kutobolewa, hadi kupakwa zinki, epoksi au rangi. Madini ghafi na vyuma chakavu vinaweza kutoka nje. Msamaha uliopo ni mdogo: dola 2,500 au asilimia 0.1 ya mkataba, kile kilicho kikubwa. Kwa daraja letu la milioni 10 ni dola 10,000 kwa bolti, nati na kila kitu cha chuma cha kigeni kwa jumla.

Msimamizi wa kazi hulishughulikia hili kwa mkono wake. Mzigo wa nondo unaposhushwa, kila fungu lina kibao cha bati kilichofungwa kwa waya, na juu yake pana namba ya myeyusho, yaani namba ya mkupuo ambao chuma hicho kiliyeyushwa. Anaisoma, anailinganisha na cheti cha kiwanda, halafu anatafuta cheti cha pili, cha yule aliyepaka epoksi. Hapa ndipo panapovuja. Chuma kimeyeyushwa Pennsylvania, cheti kipo, lakini kilipelekwa nje ya nchi kupindwa au kupakwa, na hatua hiyo moja imekiharibia uhalali. Ikigundulika kabla ya zege kumwagwa, fungu linarudishwa dukani. Ikigundulika baadaye, jimbo linaweza kubeba gharama hiyo lenyewe. Kwa hiyo sheria ya kiwanjani ni nyepesi kuitamka: hakuna cheti, hakuna kushusha.

Zege na lami vina mfumo wao. Mkandarasi hupima kwa ajili ya kudhibiti kazi yake, lakini uamuzi wa kukubali ni wa jimbo. Kisha mtu wa tatu, asiyehusika na wale wawili, hukagua vipimo na vifaa vya kupimia. Mishahara nayo huangaliwa: kiwango cha chini cha kila ufundi kimetangazwa kwa eneo, na mkandarasi huleta orodha ya malipo iliyothibitishwa kila wiki.

Nani anayatazama haya yote? FHWA ina ofisi 52: moja katika kila jimbo, moja mji mkuu wa Washington na moja Puerto Rico. Mhandisi wa shirikisho anakaa katika jimbo lile lile, anajua mito yake na udongo wake, na anaweza kufika kiwanjani kwa gari. Huo ndio uimara mkubwa wa mfumo, kuliko kanuni yoyote. Hawezi kusoma kila mkataba, kwa hiyo ofisi na jimbo huwekeana hati ya makubaliano inayosema nani anaidhinisha nini, na ofisi huelekeza macho yake penye hatari zaidi. Mradi wa dola milioni 500 au zaidi huwa na mpango wa fedha unaorudiwa kila mwaka na mapitio ya gharama. Hata pale jimbo linapotumia mhandisi mshauri kusimamia, lazima awepo mtumishi wa jimbo anayewajibika kwa mradi.

Msaada hauishii kwenye fedha. Tarehe 15 Desemba 1967 Daraja la Silver, lililounganisha Point Pleasant ya West Virginia na Ohio, lilianguka likiwa limejaa magari. Walikufa watu 46. Daraja lilining'inia kwenye minyororo ya vyuma vyenye tundu kila mwisho, vyuma viwili tu kwa kila pingili, na ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi ukakivunja kimoja. Cha pili hakikuweza kubeba peke yake. Kutokana na msiba huo Bunge liliagiza viwango vya ukaguzi vya nchi nzima, vikaanza kutumika 1971. Leo kila daraja la barabara ya umma lenye urefu wa zaidi ya futi 20, kama mita 6, hukaguliwa kwa kawaida kila miezi 24, na yaliyo mabaya mapema zaidi. Sehemu zilizo chini ya maji zina ratiba yao. Kila sehemu kuu hupewa alama kutoka 0 hadi 9, na ya 4 kushuka chini ni hali mbaya. Alama hizo, za madaraja zaidi ya 600,000, hukusanywa na FHWA kila mwaka.

Ukaguzi una mipaka yake. Daraja la Interstate 35W mjini Minneapolis lilikuwa likikaguliwa, na bado likaanguka tarehe 1 Agosti 2007, watu 13 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabamba ya chuma yaliyounganisha viungo vyake yalisanifiwa na unene wa nusu inchi, karibu nusu ya uliohitajika. Juu ya daraja siku hiyo palikuwa na vifaa na kokoto za kazi ya kukarabati sakafu. Mkaguzi hupima kutu na nyufa, hapimi kosa la hesabu la miaka ya sitini. Maabara ya FHWA ya Turner-Fairbank, Virginia, ilisaidia uchunguzi, na Januari 2008 idara iliyataka majimbo kuyapigia hesabu upya mabamba hayo kila mzigo wa daraja la aina hiyo unapobadilika. Somo la jimbo moja lilifika kwenye majimbo 50 ndani ya miezi sita. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na idara moja ya kitaifa yenye wataalamu.

Minneapolis inatufikisha kwenye dharura, mahali ambapo ile kanuni ya tarehe inalegezwa. Barabara ikisombwa na mafuriko, au daraja likianguka, jimbo halisubiri idhini. Kazi ya kurudisha mawasiliano ya barabara na kuzuia uharibifu zaidi inaanza usiku ule ule, na ikifanyika ndani ya siku 270 za mwanzo, shirikisho laweza kulipa asilimia 100. Matengenezo ya kudumu hurudi kwenye asilimia ya kawaida na kwenye idhini ya kabla. Fedha za kuanzia hutoka haraka. Daraja la Francis Scott Key la Baltimore liligongwa na meli tarehe 26 Machi 2024, wafanyakazi 6 wa barabara wakafa, na siku mbili baadaye dola milioni 60 za mwanzo zilikuwa zimetangazwa. Interstate 95 ilipoporomoka Philadelphia kwa moto wa lori la petroli, tarehe 11 Juni 2023, pengo lilijazwa kokoto nyepesi za kioo kilichochakatwa tena, na magari yakapita baada ya siku 12.

Kinachokwamisha malipo ya dharura ni kumbukumbu. Mafundi wanafanya kazi usiku kucha, na asubuhi hakuna aliyeandika saa za greda wala tripu za kifusi. Kila eneo lililoharibika linahitaji fomu yake ya ukaguzi, yenye mahali halisi, picha kabla ya kuguswa, mchoro mdogo na makadirio. Linahitaji pia msimbo wake wa gharama, uliofunguliwa siku ya kwanza. Na ukibadilisha kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kutoka la sentimita 60 kwenda la sentimita 120, nyongeza hiyo ni uboreshaji: lazima uithibitishe kwa hesabu za maji, la sivyo tofauti ni ya jimbo.

Limebaki jambo moja: kufunga mradi. Magari yanapita, utepe umeshakatwa, na faili limelala. Mradi usiodai chochote kwa miezi 12 huingia kwenye orodha ya miradi iliyosinzia, na fedha zilizofungwa kwake zaweza kuondolewa hata jimbo lisipotaka. Tuseme daraja letu lilibakiza dola 150,000. Fedha hizo zimefungwa pale, haziwezi kutengeneza hata kalvati la jirani, mpaka cheti cha vifaa kisainiwe, madai ya mkandarasi yaishe, hati ya mwisho ipelekwe na ziada iachiliwe. Baada ya hapo mafaili hutunzwa miaka 3, vile vibao vya nondo na vyeti vyake vikiwemo.

Ahsanteni. Karibuni kwa maswali.